Kanda Haina Upendeleo

Huku kwetu Mwadui tunaamkiana wangaluka, na mimi nakupa salamu hiyo hata kama unausoma ukurasa huu jioni, umejinyoosha kwenye kochi na chai yako pembeni.

Mwezi huu tuongee kitu ambacho kila aliyewahi kuimba kwaya, kupiga gitaa au hata kugonga tumba kwenye harusi ya binamu yake anakijua vizuri: ugomvi wa mazoezini. Nani kaharibu wimbo? Nani kachelewa kuingia? Na kwa nini kila ukiuliza, aliyekosea ni mwenzako na siyo wewe?

Mimi ugomvi wa namna hiyo niliubeba karibu mwaka mzima. Nilikuwa na uhakika kabisa kwamba haki iko upande wangu, na niliongea kama mtu mwenye uhakika. Aliyekuja kuniumbua hakuwa mtu. Ilikuwa kanda ya kaseti, ile ya dakika 90, arobaini na tano kila upande.

Wimbo uliopotea

Ilikuwa 2004. Bendi yetu ilikuwa ya mchanganyiko. Watatu walikuwa wafanyakazi wa mgodini, mmoja mwalimu, mmoja fundi redio, waimbaji wawili, kijana mmoja wa drams, na mimi kwenye gitaa la ridhimu. Hatukuwa bendi ya kuuza sura kwenye televisheni. Tulipiga harusi, sherehe za kuagana, na mwisho wa mwezi watu wakishapata mshahara. Mazoezi yalikuwa Jumatano jioni na Jumamosi mchana, kutegemea nani yuko zamu gani.

Jumamosi moja mpiga solo akaja na kianzio cha wimbo mpya. Jamani, sijui nikueleze vipi. Mpiga tumba aliacha kupiga akabaki kuangalia. Wote tukasema, hiyo hiyo, usiiguse tena. Tukaipiga mara tatu nne, tukaagana kwa furaha, kila mtu akaenda kwake akipiga mluzi.

Jumatano tukarudi. Mpiga solo akashika gitaa, akaanza. Siyo yenyewe. Akajaribu tena, siyo. Mwimbaji wa kwanza akasema sauti ilikuwa inapanda, wa pili akasema ilikuwa inashuka. Mimi nikaimba ninavyokumbuka, wakanicheka. Mpiga besi akaapa kwa marehemu babu yake kwamba ilianzia kwenye waya wa tatu. Tukamaliza saa nzima tunabishana na wimbo haukupigwa. Hadi leo ninavyoandika, kile kianzio hakuna anayekijua. Kimekwenda na Jumamosi ile.

Fundi redio alikuwa kimya muda wote. Mwisho akasema, "Jamani, mnabishania kitu ambacho hakipo. Jumamosi nakuja na redio yangu."

Kanda ya kwanza

Akaja nayo kweli, redio kaseti kubwa yenye spika mbili, aliyoitengeneza mwenyewe kwa vipuri vya redio tatu zilizokufa. Siku ya kwanza tuliiweka kwenye kiti karibu na drams. Tuliposikiliza, tulisikia drams tu, kama mtu anahamisha vyombo vya jikoni, na kwa mbali sana mwimbaji analia ndani ya pipa.

Fundi akatueleza kwamba redio kaseti nyingi zina kifaa ndani kinachojirekebisha sauti chenyewe. Kukiwa kimya kinainua hata sauti ya nzi. Kukiwa na kishindo kinabana kila kitu. Drams ikigonga karibu, wengine wote wanasukumwa nyuma. Wiki iliyofuata tukaiweka mbali, hatua tano mbele ya bendi, juu ya stuli yenye kitenge kilichokunjwa, usawa wa kifua cha mwimbaji. Hapo ndipo tulianza kusikia bendi.

Ukitaka kucheka, tazama sura za watu wanapojisikia kwa mara ya kwanza. Mwimbaji wetu, kijana mwenye sauti aliyokuwa akiisifia mwenyewe, aliuliza, "Huyu nani?" Tukamwambia ni wewe. Akakataa. Siyo kwamba alikuwa na maringo tu. Unapoongea au kuimba, sauti yako mwenyewe inakufikia kwa njia mbili: kwa hewa, kama wanavyokusikia wenzako, na kupitia mifupa ya kichwa chako, inayoiongezea uzito. Kanda inachukua ile ya hewa peke yake. Kwa hiyo sauti unayoisikia kwenye kanda na kuichukia ndiyo hiyo majirani wanaisikia kila siku. Pole, lakini ndivyo ilivyo.

Nani anaharibu?

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Yule kijana wa drams alikuwa mdogo kuliko sote, miaka 21. Tulimwita Dogo. Nyimbo zetu zilikuwa na mtindo ule wa bendi zetu za dansi: unaanza kwa utulivu, watu wanaimba, halafu unaingia kwenye chemko, magitaa yanajibizana na watu wanaacha soda zao mezani. Na kila tukifika kwenye chemko, wimbo ulikuwa unayumba. Unasikia kabisa kuna mtu anaburuza.

Mimi nilishaamua ni Dogo. Nikawa namwambia mbele ya wote, "Dogo, unalala! Amka, usituchelewesho." Ikawa kama wimbo wangu. Akikohoa tu namwambia amelala. Yeye hakuwa mtu wa maneno. Aliangalia fimbo zake, akasema, "Sawa kaka," tukaanza upya.

Ikafika harusi moja pale Maganzo, mji wa jirani yetu kwenye barabara ya Shinyanga na Mwanza. Nikamshawishi kiongozi wa bendi tuazime mpiga drams kutoka Shinyanga mjini, kwa sababu harusi ile ilikuwa ya watu wazito na hatukutaka kuumbuka. Kiongozi akakubali. Dogo akaambiwa asubuhi ile ile kwamba leo apumzike. Mpiga drams wa kuazima akapiga, na kwenye chemko wimbo ukayumba vile vile. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Hajatuzoea." Mtu akishaamua kutojiona, msomaji wangu, hata ushahidi ukimkalia mapajani ataufuta kama vumbi.

Wiki tatu baadaye tukarekodi wimbo mmoja mzima, dakika tisa hivi. Katikati ya chemko waya wa gitaa langu ukakatika. Nikaacha kupiga, nikainama kutafuta waya mwingine kwenye begi, wenzangu wakaendelea. Nikafunga, nikarudi ndani, tukamaliza.

Jioni tukakaa kusikiliza. Mwanzo mzuri. Chemko likaanza, wimbo ukayumba, mimi nikamtupia Dogo jicho. Halafu ghafla wimbo ukatulia. Ukakaa kama maji kwenye mtungi. Dakika karibu mbili, raha tupu, solo na besi wanapishana, drams iko pale pale. Kisha ukaanza kuyumba tena.

Ukumbi ukawa kimya. Mwalimu akasema taratibu, "Rudisha kidogo." Fundi akarudisha. Tukasikiliza tena. Pale ulipotulia ndipo nilipokuwa nimeinama natafuta waya. Pale ulipoanza kuyumba ndipo niliporudi.

Nikajitetea. Nikasema betri za redio zimechoka, kanda inakimbia. Fundi hakucheka hata kidogo. Akanijibu kama daktari: "Betri zikichoka wakati wa kurekodi, kanda inapita taratibu. Ukija kuisikiliza na betri mpya, kila kitu kinakwenda haraka na sauti zinapanda. Lakini ni wote kwa pamoja, kaka. Mwimbaji, besi, drams, wote. Kanda haiwezi kumsukuma mtu mmoja."

Akavua saa yake, akaiweka mezani, akaanza kuhesabu mapigo ya drams. Kabla sijaacha kupiga, mapigo 32 kwa sekunde 15. Nilipokuwa nje, 28. Niliporudi, 31, 32. Dogo peke yake anapiga 28, na 28 ndiyo spidi tuliyoanza nayo wimbo. Mimi nilikuwa nakimbia, kijana wa watu ananivuta nirudi, na ile kuvutana ndiyo tuliyoisikia sote kama kuyumba. Kumbe aliyekuwa ananizuia nisitumbukie shimoni ndiye niliyemwita mlalaji.

Hesabu ya mke wangu

Nilirudi nyumbani nikiwa mdogo kama kidonge. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Nikamsimulia, moyoni nikitegemea kupewa pole.

Akaniacha nimalize. Akauliza, "Sasa baba watoto, huyo kijana umeshamwambia?"

Nikasema nitamwita pembeni kesho.

"Ile siku ya harusi ya Maganzo, na siku zote hizo za 'unalala', ulikuwa unamsema pembeni?"

"Hapana. Mbele ya wote."

"Basi na kumwomba radhi ni mbele ya hao hao." Akaendelea kuchambua mchele.

Jumatano nikafanya hivyo. Nakwambia ukweli, kupiga gitaa mbele ya watu mia tano ni rahisi kuliko kusimama mbele ya watu nane na kusema, "Nilikosea, na nilimkosea huyu." Nikatoa pia bahasha, mgao wangu wa harusi ya Maganzo, nikampa.

Dogo akaniangalia, akasema, "Kaka, hela siyo ishu. Ila siku ile nilishamwambia mama kwamba nitapiga. Alikuwa hajawahi kuniona. Alitembea kutoka kijijini mpaka Maganzo, akasimama dirishani, akakuta mtu mwingine amekaa pale."

Hela ningeweza kumrudishia. Hilo la mama yake sikuwa na la kurudisha.

Wakongwe walitumia nini?

Baada ya hapo nikawa mtu wa kurekodi kila kitu, na nikaanza kujiuliza hao waliotutangulia walifanyaje.

Zamani kabisa kanda ilikuwa kichwa cha mtu. Sisi huku Usukumani tuna vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyoshindana baada ya mavuno. Kila msimu manju anatunga nyimbo mpya, na kundi zima linazikariri kwa kuitikia, siku hadi siku, mpaka zinaingia kwenye damu. Ngoma ya bugobogobo ilikuwa inapigwa shambani majembe yakiwa mikononi. Wimbo ukipigwa na watu thelathini kila siku haupotei kirahisi kama kianzio chetu kilichokuwa kwenye vidole vya mtu mmoja. Hata hivyo vichwa navyo vinazeeka. Ndiyo maana tunashukuru kwamba mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine zake akirekodi ngoma na nyimbo za watu wengi, Wasukuma wakiwemo. Baadhi ya waliopiga siku zile tunaweza kuwasikia bado.

Halafu zikaja bendi za dansi. Tabora, majirani zetu, kulikuwa na Kiko Kids na Tabora Jazz. Dar es Salaam mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park. Kwenye bendi kama hizo mtunzi mara nyingi alikuja na maneno na sauti ya wimbo, kisha mazoezini wenzake wakaujenga: huyu anaweka solo, yule besi, wale tarumbeta na saksafoni. Marehemu Michael Enoch anakumbukwa mpaka leo kwa kazi hiyo ya kuupanga muziki.

Na wimbo ukishaiva, safari ilikuwa ni Redio Tanzania Dar es Salaam. Pale hapakuwa na mchezo wa siku hizi wa kurekodi ngoma leo, sauti kesho, na kurekebisha makosa kwa kompyuta. Bendi nzima ilipiga pamoja kwa wakati mmoja, mkanda wa rili ukizunguka. Mmoja akikosea, mnarudia wote. Kwa hiyo mazoezi yalikuwa kila kitu. Mikanda ile, maelfu na maelfu, ndiyo imetubakizia nyimbo ambazo hazikuwahi kutoka kwenye sahani. Na wapenzi wa muziki majumbani wakawa wanazinasa kutoka redioni kwa kaseti zao, wakiwaombea watangazaji wasiongee katikati.

Unajua Remmy Ongala alifikaje Ulaya? Kwa kanda. Alimpa kanda ya Super Matimila rafiki yake Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao. Ikawafikia watu wa tamasha la WOMAD, na mwaka 1988 Remmy na wenzake wakaalikwa kwenye ziara. Sikuahidi kanda ya mazoezi yako itakupeleka Ulaya. Nasema tu kwamba ambacho hakikunaswa hakuna anayeweza kukibeba.

Kama unataka kujaribu

Leo huhitaji redio ya fundi. Simu uliyoishika inatosha. Yawe mazoezi ya bendi, kwaya ya kanisani au kikundi cha taarab, haya ndiyo yaliyotusaidia sisi.

Kwanza, ombeni ridhaa. Kila mtu ajue leo tunarekodi na kanda ni ya nani. Mtu akigundua amenaswa kwa siri, hata ukweli utakaomwonyesha atauita umbea.

Pili, iwekeni mbali. Simu ina masikio madogo, kishindo cha drams kinaiziba kabisa. Hatua tano au sita mbele ya bendi, juu ya kitu laini ili isitetemeke, mbali na spika ya besi na mbali na jenereta. Weka simu kwenye hali ya ndege. Tulishapoteza chemko zuri kwa sababu shangazi wa mtu alipiga kuulizia michango ya kipaimara.

Tatu, sema jina. Kabla ya wimbo, mmoja atamke tarehe, jina la wimbo na nani kaleta nini: "kianzio ni cha mpiga solo, ubeti wa pili ni wa mwalimu." Sekunde kumi tu. Tuliongeza hili baada ya kushuhudia ugomvi wa nani katunga ukivunja bendi za watu. Kanda yenye tarehe na majina inaweza kusaidia kukumbushana kabla hamjafika COSOTA kuandikisha wimbo wenu.

Nne, sikilizeni mara mbili, na mara ya kwanza pasiwe na wa kuongea. Mara ya pili kila mtu ataje kosa lake kwanza, kisha ndiyo aguse la mwenzake. Sheria hii ndiyo iliyookoa bendi yetu. Ukianza na lako, unakuwa mpole mno ukifika kwa jirani.

Tano, semeni wimbo, siyo mtu. "Kwenye dakika ya nne tunakimbia" inarekebishika. "Wewe huwa unakimbia" inaleta vita. Na msimalize jioni nzima mnawinda makosa. Tafuteni pia pale palipotulia, mjue mlifanya nini.

Sita, msihifadhi mchanga. Sisi watu wa Mwadui tunaelewa hili. Tangu Williamson alipoipata almasi hapa mwaka 1940, kazi ya mgodi huu ni kuchimba, kuponda, kuosha na kuchambua. Tani mia moja za mawe zinatoa karati chache tu. Hata ile almasi ya waridi ya mwaka 1947, karati 54.5 kabla ya kukatwa, iliyopewa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa, ilitoka kwenye mawe kama hayo mengine. Mazoezi ya saa mbili yatakupa labda dakika mbili za maana. Andika ziko dakika ya ngapi, zikate uziweke peke yake, mengine futa. Mtu mwenye rekodi mia nne zisizo na majina hana kumbukumbu, ana ghala.

Saba, kila mmoja aende na sehemu yake. Kwaya nyingi siku hizi zinafanya hivi: mwalimu anarekodi soprano, alto, tena na besi kila moja peke yake, anatuma kwenye kundi la WhatsApp, mtu anajifunza akiwa anaosha vyombo. Mnapokutana mnajenga, hamfundishani tena herufi. Ila mkubaliane: kilichomo kundini kisitoke nje mpaka wimbo uive. Wimbo mbichi ukizagaa, watu wanaukumbuka kwa ubichi wake.

Tahadhari kwa wanandoa

Najua baadhi yenu mmeshaanza kuwaza. "Kumbe! Ngoja nimrekodi mume wangu anavyonijibu, ajisikie mwenyewe." Acha, dada yangu. Na wewe kaka, acha. Kanda yetu ilifanya kazi kwa sababu sote tulikubali iwepo na sote tulikuwa ndani yake. Kumnasa mwenzako kwa siri ni kumtega, na nyumba yenye mtego kila mtu anatembea kwa kunyata.

Chukua ile sheria ya nne peke yake. Mkigombana, subiri jazba ishuke, kisha anza na lako. "Mimi hapa nilipandisha sauti." Halafu nyamaza, uone mwenzako ataleta nini. Na kama kuna mtu unamlalamikia mwaka mzima kwamba anakuchelewesha, maishani, kazini, kwenye mipango ya ujenzi, jiulize siku ulipokuwa haupo mambo yalikwendaje. Yaliyumba, au yalitulia?

Kanda ninayoitunza

Miezi michache baada ya yale yaliyotokea, nikamwomba Dogo amlete mama yake mazoezini. Alikuja Jumamosi, amevaa khanga mpya, akakaa kwenye benchi la nyuma na soda yake. Hakukuwa na harusi wala watu wazito. Tukapiga ule wimbo wa dakika tisa. Nami nikajitahidi kukaa kwenye 28, macho yangu kwenye mguu wa Dogo. Tulipoingia kwenye chemko, yule mama akapiga kigelegele kirefu, redio ikakinasa chote, na wimbo haukuyumba.

Dogo aliondoka 2009 kwenda Geita kutafuta maisha kwenye dhahabu, kama vijana wengi wa huku. Bendi ikapungua mmoja mmoja, wengine wakahama, wengine wakastaafu. Mwaka 2019 akanipigia simu. Mama yake alikuwa amefariki, na kwenye mazungumzo ya msibani amegundua kwamba picha za mama anazo mbili, sauti yake hana hata moja. Akaniuliza kama ile kanda bado ninayo.

Nilikuwa nayo. Utepe ulikuwa umeanza kukunjamana kwa joto la kabati, fundi akahangaika nao siku mbili, akauhamishia kwenye simu. Nikamtumia. Akakaa kimya siku nzima, kisha akanijibu kwa ujumbe mmoja: "Dakika ya sita na nusu. Asante kaka."

Tulianza kurekodi ili tusisahau kianzio cha gitaa. Kwa hiyo Jumamosi hii mkikutana, kabla ya kuanza kubishana, bonyeza kile kitufe. Na utakaposikiliza, anza kwa kujitafuta wewe.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Wasalimie nyumbani.